Neno zito ni "angali": ubongo hukua kwa zamu, hausomi ramani

Kiswahili kina methali mbili zisizopatana. Moja yasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Ya pili yasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Zote mbili husikika kwenye vikao vya wazazi na walimu, mara nyingine juu ya mtoto yule yule. Huyu anasema ukoo wao ndivyo walivyo, hesabu haziwaingii. Yule anasema mtoto hakusimamiwa nyumbani. Kikao huisha bila mshindi, kwa kuwa kila upande una mifano yake ya kweli.

Wanasayansi wa ubongo nao walibishana hivyo hivyo kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, ila mifano yao ilikuwa chura na paka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940, Mmarekani Roger Sperry alikata neva ya jicho la chura, akaligeuza jicho lenyewe juu chini, akaliacha lipone. Chura ana uwezo ambao sisi hatuna: neva ya jicho lake ikikatwa huota tena. Ilipoota, chura akaanza kuona, lakini aliona kinyume. Nzi akiwa juu, ulimi aliurusha chini. Nzi akiwa mbele, alijigeuza kumtafuta nyuma. Hakujifunza hata baada ya kukosa mara nyingi. Kila uzi wa neva ulikuwa umerudi sehemu ile ile ya ubongo uliyokuwa ukienda zamani, kana kwamba jicho halikuguswa. Huyo ni mtoto wa nyoka: nyaya zake alizaliwa nazo, na maisha hayakuweza kuzibadili.

Miaka 20 hivi baadaye, katika Chuo Kikuu cha Harvard, David Hubel na Torsten Wiesel walimfumba mtoto wa paka jicho moja katika wiki zake za mwanzo, kisha wakalifumbua. Jicho lilikuwa zima na mwanga ulikuwa unaingia vizuri. Lakini seli za ubongo zilizopaswa kulisikiliza jicho hilo zilikuwa zimeshahamia kwa mwenzake, na paka hakuona kwa jicho lile. Paka mkubwa aliyefanyiwa vivyo hivyo hakupata madhara hayo. Hapo inasema methali ya pili.

Watafiti hao watatu waligawana Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1981, ingawa Sperry aliipata kwa kazi nyingine, ya watu waliotenganishwa nusu mbili za ubongo. Hakuna aliyekosea kati yao. Chura ni kweli na paka ni kweli. Swali ndilo lililokuwa limekaa vibaya.

Ninachotetea hapa ni hiki: ubongo haujengwi kwa kufuata ramani iliyochorwa kabla, wala haufinyangwi na mazingira kama udongo wa mfinyanzi. Unakua kwa zamu. Kila hatua huandaa uwanja wa hatua inayofuata, na amri ya leo haina maana bila kazi ya jana. Tukilishika hilo, tutaacha kuuliza "ni jeni au ni malezi?" na tutaanza kuuliza "sasa ni zamu ya nini, na inahitaji nini?" Na kwa swali hilo, kwa maoni yangu, huduma zetu za mama na mtoto zinachelewa kwa wiki ambazo hazirudi.

Nianze na ramani, maana ndiyo picha inayotupoteza zaidi. Ubongo wa mtu mzima una takriban seli za neva bilioni 86. Hesabu hiyo ilitolewa mwaka 2009 na timu ya Suzana Herculano-Houzel nchini Brazil, kwa njia ya kuzigeuza tishu za ubongo kuwa uji na kuhesabu viini vya seli vinavyoelea humo. Kila seli huungana na maelfu ya nyingine, na viungo hivyo, yaani sinapsi, hukadiriwa kufikia trilioni 100 hivi. Upande wa pili, vinasaba vya binadamu vina herufi kama bilioni 3 na jeni za kutengenezea protini zipatazo 20,000. Ukizihifadhi herufi zote hizo kwenye kompyuta hazijazi gigabaiti moja. Kadi ndogo ya simu inazibeba na nafasi inabaki. Orodha tu ya seli ipi imeungana na ipi ingehitaji nafasi mara mamia ya maelfu zaidi. Kwa hiyo ramani haienei humo. Si kwamba imefichika na siku moja itagunduliwa. Haipo.

Basi seli inajuaje la kufanya? Inamsikiliza jirani.

Jambo hilo lilionekana waziwazi mjini Freiburg, Ujerumani, kwa mikono ya mwanafunzi aitwaye Hilde Mangold. Alichukua viinitete, yaani viumbe vinavyoanza tu kuumbika, vya salamanda (mnyama wa majini na nchi kavu kama chura, ila ana mkia) wa aina mbili, mmoja mweupe na mwingine mwenye rangi, ili baadaye aweze kujua seli hii ni ya nani. Kutoka kimoja alikata kipande kidogo mno, kwenye ukingo wa juu wa kitundu ambacho seli hupitia kuingia ndani kiinitete kinapojikunja. Akakipandikiza upande wa tumbo wa kiinitete kingine. Pale tumboni pakaota mwili wa pili, wenye uti wa mgongo na mwanzo wa ubongo. Cha ajabu zaidi kilikuwa rangi: sehemu kubwa ya mfumo wa neva wa pacha huyo haikutoka kwenye kipande kilichopandikizwa, ilitoka kwa mwenyeji. Seli ambazo zingekuwa ngozi ya tumbo zilipata jirani mgeni, zikamsikia, zikawa ubongo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1924. Mwaka huo huo Hilde Mangold alifariki kwa kuungua moto nyumbani kwake, akiwa na miaka 25. Mwalimu wake, Hans Spemann, alipewa Nobel mwaka 1935. Naliandika jina la Hilde kwa makusudi, maana mikono iliyoshika visu vile ilikuwa yake.

Ilipita karibu miaka 70 kabla ya kujulikana jirani yule alikuwa akisema nini. Katika miaka ya 1990 zikapatikana protini zinazotolewa na kipande kile, zikiwemo nogini na kodini. Watu walitarajia protini inayoamuru "kuwa ubongo". Kumbe hizi kazi yake ni kuinyamazisha protini nyingine, iitwayo BMP, inayoamuru "kuwa ngozi". Seli za tabaka la nje zikiondolewa kelele hiyo, zenyewe huelekea kuwa neva. Yaani ngozi ndiyo inayohitaji kuamriwa. Nimeisoma habari hii mara nyingi na bado hunisimamisha.

Kuanzia hapo mambo huenda mbio. Bamba la seli mgongoni mwa kiinitete huinua kingo zake, kingo zikakutana na kushikana, ukapatikana mrija. Ncha ya mbele ya mrija huvimba na kuwa ubongo. Sehemu iliyobaki huwa ugwe mgongo. Kwa binadamu mrija huo huwa umefungwa kufikia siku ya 28 hivi tangu mimba kutungwa. Shika namba hiyo, nitairudia.

Ukuta wa ndani wa mrija ndio kiwanda. Seli huzaliwa hapo, kisha hupanda kwenda nje. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Pasko Rakic alionyesha kwamba seli hizi hupanda kwa kukumbatia nyuzi ndefu za seli nyingine, kama mkwezi anavyoukumbatia mnazi. Na utaratibu wa kukaa ni wa kipekee. Za kwanza hutulia chini. Kila kundi jipya halina budi kupenya katikati ya waliotangulia na kwenda kukaa juu yao, kama abiria wa mwisho wa daladala anayepita katikati ya wote waliosimama ili akifikie kiti cha nyuma kabisa. Ndivyo zinavyopatikana tabaka sita za gamba la ubongo, ya chini ikiwa kongwe na za juu zikiwa changa.

Mwaka 1951, huko Edinburgh, ilielezwa aina ya panya waliokuwa wakiyumba kama walevi. Ubongo wao ulipochunguzwa, abiria walionekana wameshindwa kupenya: seli changa zilirundikana chini ya kongwe, tabaka zimepinduka. Jeni yenye hitilafu ilipatikana mwaka 1995, na protini yake ikaitwa rilini. Sasa, rilini haina habari yoyote ya kutembea. Hutolewa na seli chache zilizo ukingoni juu, na husaidia seli zinazopanda kujua zimefika, ziachie uzi zikae. Ni kazi moja ndogo, mahali pamoja, kwa kipindi kimoja. Lakini kila kilichojengwa juu ya kazi hiyo kilikwenda kombo, mpaka miguu.

Ndiyo maana nasikitika kila ninaposoma kichwa cha habari kinachotangaza "jeni ya akili" au "jeni ya ukorofi". Panya wale hawakukosa jeni ya kutembea. Hakuna jeni ya namna hiyo. Umbali kutoka herufi ya kinasaba hadi tabia ya mtu umejaa zamu nyingi, na katika kila zamu matokeo hutegemea nini kilikuwepo tayari. Mwandishi anayeiruka njia yote hiyo kwa sentensi moja anamwambia mzazi jambo ambalo biolojia haijalisema.

Hata mikunjo ya ubongo, ile inayoufanya ufanane na kiini cha lozi kubwa iliyokunjamana, haikuchorwa popote mkunjo kwa mkunjo. Mpaka kama wiki ya 20 ya mimba ubongo wa kijusi uso wake ni laini. Mwaka 2016 kikundi cha Tuomas Tallinen na L. Mahadevan kilitengeneza mfano wa ubongo laini wa kijusi kwa jeli, kikaupaka tabaka la nje la jeli inayovimba ikilowa, kikautumbukiza kwenye kimiminika. Tabaka la nje likavimba kuliko la ndani, likakosa pa kwenda, likajikunja, na mikunjo mikubwa ikafanana na ya binadamu. Jeni huamua kasi ya ukuaji wa tabaka, na fizikia hufanya yaliyobaki.

Turudi kwa chura. Kama hakuna ramani, nyuzi zake zilijuaje pa kurudi?

Sperry mwenyewe, mwaka 1963, alipendekeza kwamba zinafuata alama za kikemikali. Zikatafutwa kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1995 maabara mbili, ya Friedrich Bonhoeffer huko Tübingen na ya John Flanagan huko Harvard, zilieleza protini za jamii ya efrini. Sehemu ya ubongo wa kifaranga inayopokea habari za jicho ina efrini kidogo upande wa mbele, na huongezeka polepole kuelekea nyuma. Nyuzi zinazotoka upande mmoja wa retina, yaani utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, haziivumilii kabisa efrini. Zinazotoka upande wa pili hazijali sana.

Mimi hujieleza jambo hili kwa jiko la mafiga. Moshi ni mzito karibu na moto, na hupungua kadiri unavyosogea mlangoni. Waingize jikoni watu 20 wanaotofautiana kwa kuvumilia moshi. Hutampangia yeyote pa kukaa. Baada ya muda utawakuta wamejipanga wenyewe, asiyestahimili kabisa yuko mlangoni, aliyezoea yuko karibu na chungu, na wengine katikati kwa utaratibu. Vinasaba havikuandika viti 20. Viliandika moshi na macho.

Uzuri wa mfano huu ni kwamba unaweza kujaribiwa. Kama watu wamejipanga kwa moshi na kwa kusukumana, nusu wakitoka, waliobaki watajitanua wajaze jiko zima. Kama kila mtu angekuwa na kiti chenye namba yake, nusu ya viti ingebaki mitupu. Jaribio hilo lilifanywa kwa samaki wa dhahabu katika miaka ya 1970. Nusu ya retina ilipoondolewa, nyuzi zilizobaki hatimaye zilienea eneo lote la kupokelea. Na nusu ya eneo la kupokelea ilipoondolewa, nyuzi zote zilijibana kwenye nusu iliyobaki, kwa mpangilio ule ule. Chura wa Sperry alionekana ana anwani za nyumba kwa sababu hakuondolewa jirani yeyote.

Na paka je? Hapa ndipo ubishi wa jeni na malezi unapovunjika kabisa, kwa maoni yangu. Mwaka 1991 Markus Meister, Rachel Wong, Denis Baylor na Carla Shatz walichapisha vipimo vya retina za wanyama wachanga mno, ambao macho yao hayajaanza kuona. Gizani humo seli za retina zilikuwa zikiwaka kwa mawimbi, wimbi likipita kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kisha utulivu, kisha wimbi jingine. Seli jirani huwaka pamoja, za mbali huwaka wakati tofauti. Uzi unaowaka pamoja na wenzake huimarisha viungo vyake kwenye ubongo. Unaowaka peke yake huvipoteza. Kwa mazoezi hayo nyuzi za jicho la kulia na za kushoto huanza kujitenga kabla ya mwanga wa kwanza kuingia. Mwanga unapofika, hukuta njia zimeshatengenezwa nusu, nao huendelea pale mawimbi yalipoachia.

Hayo mawimbi utayaita jeni? Hakuna jeni inayosema uzi huu uungane na seli ile. Utayaita malezi? Hakuna aliyemlea mnyama huyo, hajaona chochote. Ni ubongo unaokua ukitumia kile ulichokwisha kuota ili kuotesha kinachofuata.

Kupoteza nako ni sehemu ya ujenzi. Rita Levi-Montalcini, Myahudi wa Turin aliyefukuzwa kazini na sheria za ubaguzi za mwaka 1938, alichunguza viinitete vya kuku katika maabara aliyoiweka chumbani kwake wakati wa vita. Aliona seli za neva zikizaliwa vizuri kisha zikifa pale zinapokosa mahali pa kuungana. Kazi hiyo ndiyo iliyompeleka baadaye kwenye protini inayozilisha neva, na Nobel ya mwaka 1986. Ubongo huzalisha kwa wingi, kisha hubakiza kilichopata kazi. Sinapsi nazo hupogolewa hivyo hivyo, nyingi wakati wa utoto, na zile za sehemu ya mbele ya ubongo mpaka ujanani.

Methali zile mbili, basi, zote zinaacha kitu nje. Iko ya tatu inayokikamata: samaki mkunje angali mbichi. Tumezoea kuisoma kama methali ya malezi, na mara nyingi kama kibali cha fimbo. Ila tazama uzito wake ulipo. Haubishanii samaki ni wa aina gani, wala mkono wa nani unamkunja. Uzito uko kwenye "angali". Inazungumzia lini.

Hilo "lini" lina watu. Mzee wa miaka 70 mwenye mtoto wa jicho anaweza kukaa miaka bila kuona vizuri, akafanyiwa upasuaji, na akarudi kuwatambua wajukuu wake. Mtoto mchanga aliyezaliwa na mtoto wa jicho mzito hana nafasi hiyo. Kwake madaktari hutaka kuuondoa ndani ya wiki 6 hadi 8 za mwanzo, kwa kuwa ubongo wake bado unagawa maeneo, na jicho lisiloleta habari linanyang'anywa lake kama la yule paka. Lenzi ni ile ile na ukungu ni ule ule. Lakini kwetu watoto wengi hufikishwa hospitali baada ya miezi au miaka, pengine kwa sababu mama aliliona doa jeupe kwenye mboni akaambiwa asubiri mtoto akue. Kumwambia asubiri ni kumpa ushauri ulio sahihi kwa babu na wenye madhara kwa mjukuu. Kummulika kila mtoto macho kwa kurunzi kabla hajatoka wodi ya wazazi ni kazi ya dakika moja, na ningependa isiachwe hata zahanati ya mwisho wa barabara.

Hapa nahitaji kujizuia kidogo, maana hoja ya wakati ikivutwa sana hugeuka hukumu. Wapo wanaowauzia wajawazito hofu, na pamoja na hofu, kanda za muziki wa kuongeza akili ya mtoto tumboni. Wapo walimu wanaosema mtoto wa miaka 7 ameshapitwa. Si kweli kwamba ubongo una mlango mmoja unaofungwa mara moja. Una milango mingi, kila mmoja na saa yake, na mingine haifungwi. Kusoma ni mfano mzuri. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na katika miaka iliyofuata wakulima waliokwisha kuwa na wajukuu walikaa madarasani wakajifunza kusoma na kuandika. Utafiti wa Stanislas Dehaene na wenzake uliochapishwa mwaka 2010, uliofanywa kwa watu wa Brazil na Ureno, uliwapima waliojifunza kusoma ukubwani na kukuta sehemu za ubongo zinazoshughulikia maandishi zimebadilika karibu kama za waliosoma utotoni. Kwa hiyo anayetaka kutumia neno "wakati" lazima aseme wakati wa nini.

Lakini milango inayofungwa, hufungwa kweli. Virusi vya Zika vilipatikana mara ya kwanza mwaka 1947 kwenye msitu wa Zika karibu na Entebbe, Uganda, katika damu ya tumbili aliyewekwa huko kwa ajili ya uchunguzi wa homa ya manjano. Kwa miongo mingi vilihesabiwa kuwa vya homa ndogo na vipele. Mwaka 2015 Brazil ikaanza kupokea watoto wenye vichwa vidogo mno. Virusi vile huvamia seli zile zile za ukuta wa mrija, viwanda vya neva na minazi ya wakwezi. Mtu mzima huugua siku chache akapona. Kijusi cha miezi ya mwanzo hupoteza seli ambazo zingezaa mamilioni, na zamu ya kuzizaa hairudiwi.

Sasa ile siku ya 28.

Mrija usipofungwa upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Usipofungwa upande wa kichwa, ubongo haukui na mtoto haishi. Mwaka 1991 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilitoa matokeo ya jaribio lililohusisha wanawake 1,817 katika nchi 7, wote waliowahi kupata mimba yenye tatizo hilo. Waliopewa asidi ya foliki, aina ya vitamini B, tangu kabla ya kushika mimba, hatari ya kurudiwa ilipungua kwa asilimia 72. Jaribio lilisimamishwa mapema, maana jibu lilikuwa limeonekana. Kwa wanawake wengine Shirika la Afya Duniani linashauri mikrogramu 400 kila siku tangu wanapopanga kupata mtoto hadi wiki ya 12 ya mimba.

Piga hesabu ya mwanamke ambaye hedhi yake huja kila siku ya 28. Siku anayoona imechelewa, mimba tayari ina siku 14. Amebakiza wiki mbili mrija ufungwe, na wiki hizo wengi huzimaliza wakisubiri kuwa na uhakika. Kliniki huanza baadaye. Katika nchi zetu wanawake wengi hufika miezi mitatu ikiwa imepita. Hapo hupewa vidonge vyenye madini ya chuma na foliki, na kila mtu huviita vidonge vya kuongeza damu. Avimeze, damu yake inavihitaji. Lakini kwa mgongo wa mtoto vimefika zamu imepita, na jina lenyewe limeficha kwamba zamu hiyo iliwahi kuwepo. Muulize msichana yeyote foliki ni ya nini. Atakujibu ni ya damu, kama ameisikia.

Wakati huo huo mama aliyejifungua mtoto mwenye mgongo wazi huambiwa mengi: laana, mkosi, dhambi ya ujana wake, mkono wa mtu. Ningependa kila mhudumu wa afya amweleze kwa utulivu kwamba tatizo hilo lilitokea kabla hajajua kuwa ni mjamzito, kwenye mrija mdogo kuliko punje ya mchele, na kwamba upungufu wa foliki ni sababu mojawapo tu. Kuna kurithi, kuna baadhi ya dawa za kifafa. Hakuna alichokifanya kustahili kunyooshewa kidole.

Kama kliniki haiwezi kumfikia kwa wakati, chakula kinaweza, kwa sababu chakula hakisubiri mtu ajijue. Afrika Kusini ilianza kuongeza foliki kwa lazima kwenye unga wa mahindi na wa ngano mwaka 2003, na matatizo ya mrija wa neva yakapungua kwa karibu theluthi. Tanzania, Kenya na Uganda nazo ziliweka sheria za namna hiyo kwa viwanda vikubwa mwanzoni mwa muongo uliofuata. Sheria ni nzuri, lakini sehemu kubwa ya unga wa ugali wetu haipiti viwandani. Husagwa kwenye mashine ya mtaani au ya kijijini, mahindi yakiwa yametoka shambani kwa mwenyewe.

Kwa mashine hizo pia njia imeshapatikana. Taasisi ya Sanku, kwa mfano, imekuwa ikifunga kwenye mashine ndogo za kusaga nchini Tanzania kifaa kinachodondosha kipimo cha virutubishi, foliki ikiwemo, kulingana na uzito wa nafaka inayopita. Ningetaka kuona halmashauri zikiingiza kifaa cha namna hiyo kwenye bajeti zao kwa uzito ule ule wanaoupa ujenzi wa wodi, na mwenye mashine akisaidiwa gharama badala ya kutozwa faini. Mteja wake wa saa kumi jioni ni binti wa miaka 19 mwenye debe la mahindi kichwani, ameolewa mwaka huu, na hajakosa hedhi hata mara moja. Akiondoka na unga huo leo, foliki itakuwa kwenye damu yake kabla hajawa na sababu ya kuhesabu siku.